Mfululizo wa Fourier: simamisha video, shika kalamu

Kila muhula unapokaribia kwisha hunijia vijana wa vyuo vyetu hapa Unguja, wengi wao wa uhandisi wa umeme, na malalamiko yaleyale: mhadhara wa mtandaoni wameuangalia mpaka mwisho, kila hatua wameifuata, lakini wakipewa swali la mfululizo wa Fourier, yaani kulijenga wimbi linalojirudia kwa kujumlisha mawimbi madogo ya saini na kosaini, hawajui waanzie wapi. Wapo na wa Pemba wanaonitumia picha za madaftari yao kwa simu. Na mimi nilijifunza kwa video, kwani darasani somo hili lilipitiwa juu juu mwisho wa muhula. Basi nayaandika hapa yale ninayowaambia, nisije nikayarudia kila siku barazani.

Nianze na bando, maana wengine hukwama hapo kabla hata hawajafika kwenye hisabati. Mhadhara mmoja wa chuo ni kiasi cha dakika 50, na utahitaji kuurudia. Upakue mara moja pale penye Wi-Fi, uuweke kwenye simu. Ubora wa 360 unatosha. Ukishuka chini ya hapo, vile vijinamba vidogo vinavyokaa chini ya a na b havisomeki, na somo hili lote limo ndani ya vijinamba hivyo. MIT, chuo cha Marekani, huweka bure mihadhara yake ya hisabati pamoja na mazoezi na majibu yake kwa maandishi, na maandishi hayo ni mepesi kuliko video. Mimi huwaambia wapakue mazoezi kwanza. Kiingereza cha mhadhiri kikikupita kasi, washa maandishi ya chini, wala usione haya.

Sasa kazi yenyewe. Mhadhiri akishaandika fomula na kuchora mfano wa kwanza ubaoni, hapo hapo simamisha. Usimwache akokotoe. Akikokotoa yeye utaona kila kitu ni rahisi, kwa sababu yeye anajua anakwenda wapi. Fungua daftari, ukokotoe wewe, kisha umrudie kuona mmeachana wapi.

Lakini fomula lazima uijue inasema nini. Wimbi linalojirudia kila baada ya 2π tunataka kulijenga kwa kujumlisha kosaini na saini:

f(x) = a₀/2 + a₁ cos x + b₁ sin x + a₂ cos 2x + b₂ sin 2x + …

Hizo a na b ndizo vizigeu, namba zinazosema kila wimbi dogo liingie kwa kiasi gani. Kuzipata, unazidisha f(x) kwa cos nx au sin nx, unatafuta intigrali (eneo kati ya grafu na mstari wa x, la chini likihesabiwa hasi) kutoka −π hadi π, unagawa kwa π. Kwa nini? Chukua sin 2x na sin 3x, zizidishe, uchore grafu yake kati ya −π na π. Eneo lililo juu ya mstari ni sawa na lililo chini, jumla yake sifuri. Kisha chukua sin 3x uizidishe kwa yenyewe: hakuna kinachoshuka chini ya mstari, na eneo lote ni π kamili. Kwa hiyo ukizidisha f(x) kwa sin 3x ukatafuta eneo, mawimbi mengine yote yanajifuta, inabaki b₃ peke yake imezidishwa kwa π. Ndiyo maana fomula ina 1/π mbele. Chora grafu hizi mbili kwa mkono wako kabla hujaendelea, na fomula hutaisahau tena.

La pili, kabla ya kuintigreti chochote, chora wimbi ulilopewa na ulitazame. Kama upande wa kushoto ni sura ya kioo ya upande wa kulia, fankisheni ni shufwa, na b zote ni sifuri. Kama upande wa kushoto ni sura hiyo ya kioo iliyopinduliwa chini juu, ni witiri, na a zote ni sifuri. Nimewahi kuletewa daftari lenye kurasa mbili za kutafuta a ambazo mchoro ungesema kwa mara moja kuwa hazipo. Kwenye mtihani kurasa hizo mbili ni nusu saa.

Tuchukue mfano ambao karibu kila mhadhiri huanza nao, wimbi la mraba: f(x) ni 1 kutoka 0 hadi π, na −1 kutoka −π hadi 0. Ni witiri, basi a zote tunaziacha. Kwa b, kitu witiri ukikizidisha kwa saini, ambayo nayo ni witiri, unapata shufwa, kwa hiyo inatosha kushughulika na nusu ya kulia na kuzidisha kwa 2:

bₙ = (2/π) × intigrali ya sin nx kutoka 0 hadi π = (2/π) × (1 − cos nπ)/n

Hapa ndipo wengi huanguka. cos nπ ni 1 ikiwa n ni shufwa, na −1 ikiwa n ni witiri. Kwa kifupi ni (−1)ⁿ. Iandike juu ya kila ukurasa mpaka ikuingie damuni. Na sin nπ ni sifuri siku zote. Basi n ikiwa shufwa, bₙ ni sifuri. Ikiwa witiri, bₙ ni 4/(nπ). Jawabu:

f(x) = (4/π)(sin x + (sin 3x)/3 + (sin 5x)/5 + …)

Wanafunzi wa umeme huwaambia waitazame safu hii kwa jicho la kazi. Inverta za bei ya chini, zile zinazotumika na betri ya gari na paneli, hutoa umeme wa wimbi la mraba au linalokaribiana nalo. Umeme wa gridi yetu ni wa Hz 50, yaani unajirudia mara 50 kwa sekunde. Kumbe mraba wa Hz 50 umebeba ndani yake Hz 150 kwa theluthi ya ukubwa, Hz 250 kwa humusi, Hz 350 kwa subui, na kuendelea. Ukikokotoa nguvu, wimbi la Hz 50 lenyewe lina 8/π², yaani kama asilimia 81. Ile 19 iliyobaki haiisaidii mota ya pangaboi kuzunguka. Inaitia joto na kuifanya ivume. Wanaojua kufunga sola wanaujua mvumo huo hata kama hawajawahi kuiona fomula hii.

Rudi kwenye daftari. Usilikubali jawabu lolote kabla hujalijaribu kwa namba. Weka x = π/2. Kushoto f ni 1. Kulia, saini zinakuwa 1, −1, 1, −1, na unapata π/4 = 1 − 1/3 + 1/5 − 1/7 + … Jumlisha kwenye simu: sehemu kumi za mwanzo zinatoa 0.7605, na π/4 ni 0.7854. Zinakwenda taratibu, lakini zinakwenda zinakotakiwa. Kama ungekosea alama mahali, au ungesahau ile 2, ingeonekana hapa hapa bila ya kumngoja mwalimu.

Mfano wa pili fanya peke yako, f(x) = x kutoka −π hadi π. Witiri tena. Safari hii lazima uintigreti kwa sehemu, na ukifika salama utapata bₙ = −(2/n) cos nπ. Ukiifungua:

x = 2(sin x − (sin 2x)/2 + (sin 3x)/3 − …)

Ijaribu pale pale π/2. Sehemu za shufwa zinakufa, na inabaki π/4 = 1 − 1/3 + 1/5 − … Ileile! Mawimbi mawili yasiyofanana hata kidogo, njia mbili za hesabu, na yote yamekutana kwenye jumla moja. Huu ni ushahidi bora kuliko ukurasa wa majibu, na nikiri ndio ulionifanya nilipende somo hili.

Sasa weka x = π. Kulia saini zote ni sifuri, lakini kushoto x ni π. Vijana hunipigia simu wakifika hapa. Hakuna kosa. Wimbi linapojirudia, penye π linaruka kutoka π hadi −π, na mfululizo ukifika penye mruko huchagua katikati, na katikati ya π na −π ni 0.

Kutokana na mruko huo unapata kipimo chengine cha haraka, ambacho wahadhiri wengi hukitaja kwa sentensi moja tu. Wimbi lenye mruko, vizigeu vyake hupungua kama 1/n. Wimbi lisiloruka ila lina kona, hupungua kama 1/n². Kwa hiyo mchoro wako ukiwa na mruko na jawabu lina 1/n², umekosea, hata kama hujui wapi. Mfano wa x² unaonyesha hili: hairuki, ila ina kona penye π, na vizigeu vyake ni 4(−1)ⁿ/n² pamoja na π²/3 mbele. Weka x = π na utapata 1 + 1/4 + 1/9 + 1/16 + … = π²/6, jumla ambayo mwanahisabati Euler aliifikia katika miaka ya 1730 kwa njia nyengine kabisa. Fourier mwenyewe alikuwa hajazaliwa.

Nitoke nje ya mada kidogo. Ukiona jambo hili gumu kuliamini, kwamba saini laini zinaweza kujumlishwa zikatoa kona kali na miruko, jua kwamba Lagrange, mwanahisabati mkubwa wa zama za Fourier, naye hakuliamini. Joseph Fourier, mtoto wa mshona nguo wa Auxerre huko Ufaransa, alipeleka kazi yake juu ya joto kwa wanazuoni wa Paris mwaka 1807, na Lagrange alikuwa miongoni mwa walioipinga. Kitabu kilitoka mwaka 1822, na mwaka 1829 ndipo Dirichlet alipotoa uthibitisho wa maana wa lini mfululizo unaifikia kweli fankisheni yake. Shaka zao hazikuwa za bure. Ukichora wimbi la mraba kwa sehemu nyingi kwenye kompyuta, karibu na mruko utaona pembe ndogo inayopita juu ya 1, ikafika kama 1.18. Ukiongeza sehemu, pembe inasogea karibu na mruko, lakini urefu haupungui; hubaki kama asilimia 9 ya mruko wote. Wilbraham aliiona mwaka 1848, ikasahaulika, na Gibbs akaieleza tena mwaka 1899. Usiilaumu programu yako.

Tahadhari mbili za kimhadhara. Wapo wanaoandika a₀/2 na wapo wanaoandika a₀ tu, kila mmoja na fomula yake ya a₀. Chagua mmoja ushikamane naye. Ukichanganya video mbili, jawabu lako litapanda au kushuka kwa kiwango kimoja na hutajua kwa nini. Na muda wa kujirudia usipokuwa 2π, badala ya nx unaandika nπx/L, ambapo L ni nusu ya muda huo. Nusu. Fomula za vizigeu nazo zinagawiwa kwa L badala ya π.

Wanaoniuliza faida ya haya nje ya umeme nawapeleka pwani. Akinamama wa mwani wa Paje na Jambiani wanajua siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, na siku za maji mafu. Sehemu kubwa ya maji yetu ni mawimbi mawili: la mwezi, linalojirudia kila saa 12 na dakika 25, na la jua, kila saa 12. Geuza kuwa digrii kwa saa, mzunguko mmoja ukiwa digrii 360: la mwezi linakwenda 28.98, la jua 30. Tofauti ni kama 1.02, kwa hiyo yanakutana tena baada ya saa 354 hivi, karibu siku 14 na robo tatu, na yakikutana ndiyo bamvua. Mara mbili kwa mwezi mwandamo, kama kila mvuvi ajuavyo. Mwenye jicho kali atasema huu si mfululizo wa Fourier hasa, kwani 12 na 12.42 si mafungu ya wimbi moja la msingi, na atakuwa amesema kweli. Lakini kutafuta ukubwa wa kila wimbi kutoka kwenye vipimo vya bandari ni kazi ya ndugu wa damu wa fomula ileile, na mwanafizikia Kelvin alitengeneza mashine ya kujumlisha mawimbi hayo katika miaka ya 1870 ili kutabiri kujaa na kupwa.

Ukishamaliza x na x², jaribu f(x) = |x|, kutoka −π hadi π. Chora kwanza. Utaona ni shufwa na ina kona bila mruko, kwa hiyo ujue mapema unatafuta kosaini tupu zinazopungua kama 1/n². Ukimaliza, weka x = 0. Ikitoka 1 + 1/9 + 1/25 + 1/49 + … = π²/8, endelea na video. Isipotoka, angalia kwanza ile (−1)ⁿ, kisha a₀.