Mkuu, rudisha hilo lijamu dukani

Umeandika kwamba farasi wako amegoma ghafla, na fundi anayemfunza amekununulisha lijamu kali, kile chuma cha mdomoni. Rudisha leo hii, kabla hawajafunga. Ile sentensi yako ya "fundi kaniambia nisimwache farasi ashinde" imenipandisha presha. Farasi dume aliyehasiwa, miaka minne, mwezi uliopita alikuwa anapiga shoti, yaani mbio, vizuri hapo Usa River. Sasa wiki ya pili anatupa kichwa, anataka kung'ata ukikaza mkanda wa tumbo, na ukimgusa kwa kisigino chako anaganda kama punda aliyechoshwa na mkokoteni. Dawa uliyoandikiwa ni lijamu kali na fimbo. Chalii yangu, dawa hiyo nimeinywa. Ilinila miezi saba, na mwisho farasi alikuwa akiniona nimebeba tandiko anahamia kona ya mbali ya zizi. Kati yetu wawili yeye ndiye aliyekuwa na akili.

Maswali yako ya chakula na ya kumuuza yasubiri. Kwanza shika hili: farasi akikataa ghafla kitu alichokuwa anakijua, shuka, vua tandiko, kagua mwili. Anayekataa jambo jipya huenda hajaelewa. Anayekataa jambo la zamani, mtafutie maumivu kabla hujamtafutia kiburi.

Anza na tandiko. Liweke mgongoni bila kitambaa wala mkanda, mbele kidogo ya mahali pake, kisha livute nyuma taratibu mpaka likae lenyewe. Kati ya upinde wa mbele na kinundu cha mabega vipite vidole viwili mpaka vitatu, na bado vipite mtu akiwa juu. Simama nyuma uchungulie ule mfereji wa katikati: mwanga uonekane mwanzo hadi mwisho. Ukikatika, tandiko limelalia uti wa mgongo. Lisivuke ubavu wa mwisho. Kisha pitisha kiganja chini ya mito yake. Ikigusa mbele na nyuma tu, katikati kukawa na hewa, basi kilo zako zote zinabebwa na vipande vinne vya ngozi, na wewe na mimi tunajua ugali tunaokula.

Baada ya kazi usikimbilie kumwagia maji, soma jasho kwanza. Doa kavu katikati ya mgongo uliolowa maana yake tandiko limeminya hapo mpaka ngozi imeshindwa kutoa jasho, au halikugusa kabisa. Nywele nyeupe zikianza kuota hapo, umechelewa. Halafu bonyeza kwa ncha za vidole pande zote mbili za uti, kama vidole vinne kutoka katikati, toka mabegani mpaka kiunoni. Akizamisha mgongo, akilaza masikio au akipiga mkia mahali palepale mara tatu, jibu umelipata bila kumlipa mtu.

Na usiniambie "lilimkaa vizuri Januari". Farasi wa miaka minne bado anajengeka. Kazi inamwongezea misuli, kiangazi kikikausha majani anakonda, tandiko ni lile lile.

Sasa hao walimu wa kofia pana, ambao cheti chao ni kuwahi kuongoza watalii wikiendi mbili. Wao wakiona kichwa juu wanasema "mdomo mgumu huo". Mgongo ukiuma, farasi huinua kichwa na kuuzamisha mgongo. Unamwekea lijamu kali, linamuuma, anainua zaidi, mgongo unazama zaidi, tandiko linabana zaidi. Kisha inaongezwa fimbo. Farasi hujifunza pale unapomwachia: unamminya kwa mguu, anasogea, unaachia papo hapo, ameelewa. Huyu wako akisogea anaumia, akisimama anachapwa. Hana mlango wa kutokea, kwa hiyo atatoboa wake: atasimama kwa miguu ya nyuma au atakubwaga kwenye murram. Na "kushinda" anakosema fundi ni mashindano gani hayo? Farasi hajui kama kuna kombe.

Mdomo nao. Umri huo bado anang'oka magego ya utoto, na madume huota chonge kati ya miaka minne na mitano. Wengine wana vijino vidogo mbele ya magego ya juu, hapohapo lijamu linapopita. Daktari wa mifugo atumie kifaa cha kuachamisha kinywa na tochi, si kuchungulia pembeni mwa mdomo na kusema "yuko safi".

Pima joto asubuhi kabla ya kazi: nyuzi 37.5 hadi 38.5. Mapigo ya moyo akiwa ametulia, 28 hadi 44 kwa dakika. Huku kwetu kupe wanamwachia farasi vijidudu vinavyovunja damu. Ufizi unapauka au unakuwa wa njano, wewe unaona uvivu. Damu ipimwe. Kwato zikatwe kila wiki sita hadi nane.

Mgongo ukiwa ndio tatizo, usipande mpaka ubonyeze asishtuke, mara nyingi ni wiki kadhaa. Mtembeze kwa kamba. Ukirudi, usianzie alipoachia, rudi hatua mbili. Mkanda ukaze kwa awamu tatu: ulegee, mtembeze hatua kumi, kaza tundu moja, mtembeze tena, malizia kabla ya kupanda. Ataendelea kutaka kung'ata kwa muda hata maumivu yakiisha, ni kumbukumbu hiyo, usimchape. Dakika 15 hadi 20, kutembea na telki tu, ule mwendo wa kukimbia polepole. Shoti isubiri mpaka apige telki siku kadhaa mfululizo kichwa kikiwa kimetulia.

Kukata tamaa ulikouliza, nunua daftari. Kila siku andika tarehe, joto, tandiko gani, alikataa nini, upande gani. Baada ya wiki mbili utaona anakataa kugeukia kushoto tu, au siku za tandiko moja tu, na hasira inageuka kazi ya kufanya.

Kesho asubuhi piga picha tandiko likiwa mgongoni bila kitambaa, moja ya ubavuni, moja ya nyuma, uziweke hapa. Na saisi wako Nabeti, mtunza farasi, muulize, yeye ndiye anayemsugua kila siku. Nabeti anajua panapouma, hakuna aliyemuuliza.