Tochi ndogo ya LED: lumeni za kwenye boksi na mwanga unaobaki mkononi

Swali: Nilinunua tochi ndogo ya LED inayotoshea kiganjani, ambayo hutumia betri ya lithiamu ya ukubwa wa 14500. Boksi lake linasema inatoa lumeni 1,000 na kwamba inadumu saa 2. Kila ninapoiwasha kwa nguvu zote, mwanga hupungua waziwazi baada ya dakika moja au mbili. Je, ni mbovu? Na nikitaka kununua nyingine ya kubeba kila siku, kwa kazi za nyumbani, kutembea usiku na kuchungulia ndani ya mashine, nipime nini hasa?

Jibu: Kwa maelezo uliyotoa, tochi yako inaelekea kuwa nzima. Namba hizo mbili, lumeni 1,000 (lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka) na saa 2, zinaweza kuwa za kweli zote mbili, lakini si kwa wakati mmoja. Watengenezaji wengi hufuata kanuni za upimaji za Marekani ziitwazo ANSI FL 1, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2009. Kwa mujibu wa kanuni hizo, kiasi cha mwanga hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya tochi kuwashwa, ilhali muda wa kudumu huhesabiwa kuanzia sekunde ya 30 hadi mwanga utakapobaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tochi ikianza na lumeni 1,000, kisha ikashuka hadi 150 na kukaa hapo, itaendelea kuhesabiwa kuwa inadumu mpaka ifikie 100. Mnunuzi anayesoma boksi huku akidhani atapata lumeni 1,000 kwa saa 2 mfululizo hakudanganywa kwa namba, bali kwa kutoelezwa namba hizo zimepatikanaje.

Njia ya kujilinda ni hesabu fupi ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya akiwa amesimama mbele ya muuzaji. Zidisha volti za betri kwa ujazo wake wa ampia-saa, upate wati-saa. Tuseme betri yako ya 14500 ina milliampia-saa 900, yaani ampia-saa 0.9; ukizidisha kwa volti 3.6, unapata kama wati-saa 3.2. Kisha chukulia kwamba tochi ndogo, ikiwa pamoja na upotevu wa ndani ya saketi yake, hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja. Makadirio haya si kamili, kwa sababu LED hufanya kazi kwa ufanisi zaidi inapowashwa kwa mwanga mdogo kuliko inaposukumwa hadi mwisho wa uwezo wake, lakini yanatosha kutenganisha dai linalowezekana na lisilowezekana. Lumeni 1,000 zitahitaji wati 10, kwa hiyo betri hiyo ingezilisha kwa dakika 20 hivi tu, hata kama joto lisingekuwa tatizo. Lumeni 150, kwa upande mwingine, zinahitaji wati moja na nusu, na hapo ndipo zile saa 2 zinapopatikana.

Joto nalo ni tatizo kubwa. Zaidi ya nusu ya umeme unaoingia kwenye LED nyeupe hugeuka kuwa joto, na mwili wa alumini wenye ukubwa wa kidole hauna eneo la kutosha kulitawanya hewani. Ndiyo maana saketi hupunguza umeme yenyewe, ama kwa kufuata kipima joto kilichomo ndani au kwa kufuata muda uliopangwa kiwandani. Mimi huwa na wasiwasi zaidi na tochi ndogo yenye nguvu ambayo haipunguzi mwanga kabisa, kwa kuwa hiyo huichoma LED yake na mkono wa mwenye nayo. Ukitaka kuhakikisha kuhusu yako, chaji betri ijae, iwashe kwa nguvu zote mpaka ishuke, izime, iache ipoe, kisha iwashe tena. Ikirudi kwenye mwanga wake wa mwanzo, kilichoishusha ni ulinzi wa joto au muda uliopangwa. Ikishindwa kurudi ilhali ilikuwa imejazwa, itilie shaka betri kwanza kabla ya kuishuku tochi.

Kwa hiyo, unapochagua nyingine, swali la kwanza lisiwe inafika lumeni ngapi, bali inakaa kwenye lumeni ngapi baada ya dakika kumi. Watengenezaji makini huchapisha mchoro unaoonyesha jinsi mwanga unavyobadilika kadiri muda unavyopita. Mchoro huo una thamani kuliko maneno yote ya kwenye boksi. Pasipo mchoro, itazame ngazi ya kati ya mwanga na muda wake, kwa sababu ndiyo utakayoitumia siku zote. Tofauti ya namba za juu huwa ndogo machoni kuliko kwenye karatasi: ili mwanga uonekane maradufu, lumeni zinapaswa kuongezeka takriban mara nne. Anayelipa zaidi ili apate 1,200 badala ya 1,000 hataiona tofauti hiyo.

Ngazi ya chini husahaulika, nami huipa uzito mkubwa. Kumwangalia mtoto aliyelala au kutafuta kitu chumbani usiku wa manane huhitaji lumeni 1 hadi 5 tu. Zaidi ya hapo, macho yaliyozoea giza hupofuka kwa muda. Kuchungulia ndani ya mashine kwa umbali wa mkono kunatosheka na lumeni 30 hadi 60, kwani mwanga mkali hurudishwa na vyuma vinavyong'aa na kukuficha kile unachokitafuta. Kutembea kwenye njia isiyo na taa hutaka 100 au 150. Tochi ambayo ngazi yake ya chini kabisa ni lumeni 80 haifai kubebwa kila siku, hata kama ngazi yake ya juu inaweza kuangaza uwanja mzima.

Lumeni hueleza jumla ya mwanga unaotoka, lakini hazielezi umeelekezwa wapi. Hilo hupimwa kwa kandela. Umbali unaoandikwa kwenye boksi ni pale ambapo mwanga umebaki robo ya luksi (kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), yaani karibu na ule wa mbalamwezi ya mwezi mpevu, na hupatikana kwa kuzidisha mara mbili kipeuo cha pili cha kandela, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa kandela hizo. Tochi ya kandela 2,500 itaandikwa mita 100, ingawa kwa macho ya kawaida utatambua vitu vizuri hadi nusu ya umbali huo. Kwa matumizi uliyoyataja, mwanga uliotawanyika utakufaa kuliko mwale mwembamba wa masafa marefu. Tochi za kuvuta kichwa ili kubana mwale zinavutia dukani, lakini nyingi hupoteza sehemu kubwa ya mwanga zinapobanwa, na mahali pale pa kuteleza ni vigumu kupaziba maji yasiingie.

Rangi ya mwanga usiipuuze, hasa kwa kazi ya mashine. LED nyeupe kwa kawaida ni LED ya buluu iliyofunikwa kwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa manjano, na zile za kawaida huwa na upungufu wa rangi nyekundu. Kipimo cha uaminifu wa rangi huandikwa CRI na mwisho wake ni 100. LED nyingi za tochi huwa karibu 70. Ukiwa na ya 90 au zaidi utatofautisha waya wa kahawia na mwekundu, au mafuta na maji yenye kutu, bila kubahatisha. Gharama yake ni lumeni chache kupungua, na mimi ningezitoa bila kusita. Chunguza pia kama mwanga unapepesa katika ngazi za chini: pitisha vidole vyako haraka mbele ya tochi, na ukiona vinakatika vipande vipande kama picha nyingi zilizopangwa, saketi inapunguza mwanga kwa kuiwasha na kuizima LED, jambo linalochosha macho.

Kuhusu betri, kuna hatari moja inayohitaji kuelezwa wazi. Betri ya 14500 ina umbo lile lile la betri ndogo ya kawaida ya AA, milimita 14 kwa 50, lakini inatoa volti 3.6 badala ya 1.5. Tochi iliyotengenezwa kukubali zote mbili ni chaguo zuri sana kwa mtu wa safari, kwa kuwa AA hupatikana kirahisi. Isiyoandikwa kwamba inakubali zote mbili usiijaribu, na usiiweke kamwe 14500 kwenye saa ya ukutani au rimoti kwa sababu tu imeingia. Jihadhari pia na ujazo wa kutunga: betri ya 18650, ambayo ni ya lithiamu pia lakini kubwa kuliko 14500, inayodai milliampia-saa 9,900 haiwezi kuwa ya kweli, maana hata zilizo bora za ukubwa huo huwa karibu 3,500. Kama tochi ina tundu la Type-C, ijaribu kwa waya wenye Type-C pande zote mbili kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya zile za bei ya chini hukataa kuchaji kwa waya huo.

Kwa maji, tazama alama ya IPX, inayoonyesha kiwango cha kuzuia maji: IPX4 huhimili mvua na IPX7 huhimili kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Ya kwanza inakutosha. Swichi ndiyo yenye maneno mengi zaidi. Ipendelee ile ambayo haijitokezi kiasi cha kubonyezwa na funguo mfukoni, kwani tochi ikijiwasha kwa nguvu zote ndani ya nguo inaweza kuiunguza. Kwenye tochi nyingi, kulegeza kifuniko cha nyuma kwa robo mzunguko hukata umeme na kuondoa hatari hiyo. Muulize muuzaji akuonyeshe. Swichi ya pembeni ya kielektroniki hunyonya umeme kidogo hata tochi ikiwa imezimwa, kwa hiyo kama utaiweka kabatini miezi mingi, legeza kifuniko au toa betri, maana lithiamu ikishuka chini sana ya volti 2.5 huharibika na haifai kuchajiwa tena.