Anasema amesoma, mbona hakumbuki? Maswali ya wazazi

Ripoti za muhula zimefika nyumbani, na barua nyingi tulizopokea mwezi huu zimeandikwa na wazazi wakiwa nazo mkononi. Tumechagua tano.

Mwanangu yuko Darasa la Sita. Kila jioni anakaa na daftari saa nzima, nikimuuliza anasema amesoma. Mtihani ukija, karatasi nyeupe. Ni mvivu, au kichwa ni kizito? (Mama, Mbagala)

Si mvivu, na wala hakudanganyi. Ile saa nzima anapitisha macho tu. Ukurasa uliosomwa mara tatu mfululizo huzoeleka, na mtoto huyachukulia mazoea hayo kuwa ndiyo kujua. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya habari. Wengine walirudia kusoma, wengine walifunika na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki, waliofunika na kuandika waliwaacha wenzao mbali. Ndiyo maana mwanao usiku ule anajibu vizuri, wiki ya mtihani hana kitu.

Fanya hivi. Asome ukurasa mmoja au miwili kwa dakika 15, kisha afunge daftari. Nyuma ya karatasi yoyote iliyokwisha kutumika, aandike kila anachokumbuka kwa dakika 5 bila kuchungulia. Halafu afungue, achukue kalamu ya rangi nyingine, aongeze aliyoyasahau. Yaliyoandikwa kwa rangi ya pili ndiyo ya kuanzia kesho. Mada hiyo airudie tena siku ya tatu, kisha baada ya wiki, kila mara akianza na karatasi tupu kabla ya kufungua daftari.

Siku za kwanza atatoa mistari miwili na kununa, na hapo ndipo wazazi wengi huiacha njia hii wakidhani haifai. Akikwama usiharakishe kumdokezea. Hesabu kimoyomoyo hadi 10 kwanza, kwa maana kule kuhangaika kutafuta jibu ndiko kunakolikaza kichwani.

Binti yangu wa Darasa la Tatu anashindwa hesabu. Mwalimu ameandika "ongeza bidii". Nianzie wapi? (Baba, Morogoro)

Anzia kwenye mikato ya kalamu nyekundu. Fungua daftari, tafuta makosa yanayofanana. Kwa umri wake, mara nyingi utakuta kitu kama hiki: 52 − 27 = 35. Halafu 81 − 46 = 45. Halafu 60 − 38 = 38. Ukiyaona matatu hayo pamoja, hajakisia hata moja. Kila safu ametoa namba ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Kwenye 52 − 27 ameona 2 toa 7 haiwezekani, akageuza, 7 toa 2. Kosa hilo mtoto anaweza kulifanya kwa bidii kubwa kabisa, kwa hiyo kuongeza bidii kutamwongezea mikato tu.

Chukua chelewa za ufagio, zivunje vipande 52 vya urefu wa kidole. Afunge kumi kumi kwa raba bendi: mafungu 5, na njiti 2 zinabaki huru. Mwambie, "Nipe 27." Atakupa mafungu 2 bila shida. Kisha atatafuta 7 na kukuta ana njiti 2. Nyamaza. Atakutazama, atatazama njiti, mwishowe atafungua fungu moja mwenyewe. Sasa ana njiti huru 12, anakupa 7, mbele yake yanabaki mafungu 2 na njiti 5. Hapo ndipo umpe kalamu aandike kile mikono yake ilichofanya: 5 inakatwa inakuwa 4, na 2 inakuwa 12. (Neno "kukopa" tunalolitumia hapa linawachanganya watoto wengi. Anayekopa hulipa, na hapa halipi mtu. "Kufungua fungu" inaeleweka upesi zaidi.)

Hesabu 4 kwa siku zinatosha, kwa siku 5. Kuanzia siku ya tatu njiti ziwe mezani lakini aziguse akikwama tu. Zenye sifuri juu, kama 60 − 38, ziweke mwisho, maana hapo hana hata njiti moja huru ya kuanzia.

Kijana wetu wa Darasa la Saba alikuwa wa 14, sasa amekuwa wa 23. Baba yake amemchapa. Mimi nilikuwa nimemwahidi simu akishika namba moja. Nani kakosea? (Mama, Dodoma)

Nyote mmeitazama namba ambayo si yake. Nafasi ya 23 inategemea wenzake 22 walivyofanya. Tazameni alama. Katika mtihani wa taifa wa kumaliza elimu ya msingi kila somo lina alama 50: A ni 41 hadi 50, B ni 31 hadi 40, C ni 21 hadi 30. Mtoto aliyetoka 28 akafika 34 amepanda daraja zima, hata kama nafasi imeshuka kwa sababu darasa zima limepanda. Andikeni alama za kila somo kwenye karatasi moja, muhula kwa muhula, muibandike ukutani.

Simu ina kasoro mbili. Iko mbali mno, na haimwambii afanye nini Jumatatu jioni. Mkitaka kumpa zawadi, iwe ndogo, iwe ya wiki hiyo hiyo, na iwe kwa jambo lililo mikononi mwake: akimaliza zoezi la kufunika na kuandika siku nne, Ijumaa yeye ndiye anayechagua chakula cha usiku.

Na sifa nazo zina namna yake. Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kuwa wana akili, walipokutana na maswali magumu, walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Kwa hiyo badala ya "wewe una akili sana", taja ulichokiona: "Hili ulilikosa jana, leo umelirudia mpaka likatoka."

Kuhusu fimbo hatuna maneno mengi. Mtoto aliyechapwa kwa ajili ya ripoti hujifunza kuificha ripoti, nanyi mtakosa taarifa pekee mliyokuwa nayo.

Tuisheni inaisha saa 2 usiku, basi la shule linapita saa 11 alfajiri. Mtoto ana miaka 11, anasinzia darasani. Nimwongezee tuisheni ya Jumamosi? (Mzazi, Kimara)

Usiongeze, punguza. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Wako akifika nyumbani saa 3, akala na kuoga, akalala saa 4 na nusu, akaamka saa 10 na nusu, amelala saa 6. Anachofundishwa usiku anakisinzia asubuhi, na mnalipia vyote viwili. Abaki na tuisheni ya somo moja lililo chini kabisa, siku mbili kwa wiki, na siku nyingine awe kitandani saa 1:30 usiku ikiwezekana, saa 2 isipite.

Binti yangu ameingia Kidato cha Kwanza, kila kitu ni Kiingereza. Mimi niliishia la saba. Nitamsaidiaje? (Mama, Lindi)

Hapo ndipo wengi wanaporomoka: miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, kisha ghafla Baiolojia na Jiografia kwa lugha nyingine. Asichokijua mara nyingi ni maneno, wala si somo.

Mnunulie daftari dogo, apige mstari katikati ya ukurasa. Kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake kwa Kiswahili kwa maneno yake mwenyewe. Maneno 5 kwa siku yanatosha, na aanze na yale ya maagizo ya mtihani: taja, eleza, linganisha, toa sababu. Wengi hupoteza alama kwa kutaja palipotakiwa kueleza. Jioni wewe shika daftari, soma upande wa Kiswahili, yeye aseme na kuandika upande wa pili. Huhitaji Kiingereza kwa kazi hiyo, kwa sababu mnalinganisha tu alichoandika na kilichomo. Kisha akueleze somo moja la siku hiyo kwa Kiswahili, na kila usipoelewa mwambie "rudia hapo". Asipoweza kukueleza wewe, bado hajaelewa yeye.

Na nenda shuleni kabla ya mtihani, usingoje kuitwa. Ukimuuliza mwalimu "anaendeleaje?" utajibiwa "anaendelea vizuri". Uliza hivi: ni mada gani mbili zinamsumbua, madaftari yapi hayajakamilika, na anakaa wapi darasani. Hilo la mwisho usiliruke, maana akiwa nyuma na macho yake hayaoni ubaoni, ataanza kunakili makosa ya jirani.