Shangazi, nichukue gunia la mavuno bila mume wangu kujua?

"Shangazi, shikamoo. Sisi ni wakulima wa viazi huku Uporoto, Mbeya. Kila Sikukuu ya Mavuno mume wangu hupeleka kanisani viazi vidogo na vile vilivyokatwa na jembe. Vizuri vyote vinapanda lori la Dar es Salaam. Mwaka jana mnadani debe letu lilikosa mnunuzi, nikainamisha kichwa. Nikimwambia, anajibu kwamba Mungu anatazama moyo, si ukubwa wa kiazi. Safari hii zimebaki wiki tatu, na nimepanga kutoa gunia moja zuri stoo usiku, nilipeleke kimya kimya. Nitakuwa nimekosa?"

Marahaba, mwanangu. Bwana Yesu asifiwe.

Aibu uliyoisikia naielewa, lakini gunia hilo usilitoe usiku. Daudi alipotaka kumjengea Bwana madhabahu, Arauna alikuwa tayari kumpa bure uwanja wa kupuria na ng'ombe. Daudi akakataa, akalipa shekeli 50 za fedha, maana hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu. Gunia hilo mmelilima wawili. Ukilichukua kwa siri, gharama anaibeba mwenzako bila kujua, na siku akihesabu akakuta limepungua, atamshuku kibarua.

Sasa mumeo. Neno lake lina nusu ya ukweli, ndiyo maana linakushinda kulijibu. Torati, kwenye Walawi 5, ilimruhusu asiyemudu mwanakondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na aliyeshindwa hata hao alete unga kidogo. Yusufu na Mariamu wenyewe walitoa sadaka ya ndege. Mungu hamdharau mtu kwa udogo wa mkono wake. Alichokikataa katika Malaki 1 ni kingine: watu wenye mnyama mzima zizini kumletea kipofu na kilema. Akawaambia wampelekee liwali wao, waone kama atapokea. Muulize mumeo kwa upole, jioni mkishakula: yule tajiri wa lori tungempimia viazi vya jembe? Jibu analijua.

Hata hivyo, ningekuomba msibishanie gunia kabisa. Kiazi kikishaingia guniani kimekuwa hela: ada ya mtoto, deni la mbolea. Mama yangu, huko Rungwe, alikuwa akichagua mkungu wa sikukuu ungali shambani, ndizi bado changa, akaufunga ugwe. Wageni walikuja, miezi migumu ilipita, mkungu ule haukuguswa. Baba hakuwahi kuulalamikia, kwa sababu tangu mwanzo hakuna aliyeuhesabu kwenye mauzo. Viazi navyo vina matuta. Msimu ujao, siku ya kupanda, simameni wote wawili mkubaliane tuta lipi ni la Bwana. Liwe la katikati ya shamba, si lile la pembeni linalotuama maji. Litiwe mbolea ile ile, lipigwe dawa ya ukungu kama mengine. Kitakachotoka humo, kingi au kichache, ndicho mtakachobeba.

Kwa wiki hizi tatu, tazama kilicho mkononi mwako mwenyewe. Kuku unao? Maharage ya bustani yako? Mwambie wazi: "Baba Fulani, mimi mwaka huu nampeleka jogoo wangu mkubwa." Akiongeza debe zuri juu yake, mshukuru. Asipoongeza, usimsute, wala usimpeleke kwa mama mchungaji.

Na vile vilivyokatwa na jembe, menyeni mle jioni hiyo hiyo, maana havikai.