Kumbe haikuwa sainasi: kahawa na maumivu yangu ya Jumapili

Kwa muda mrefu kila Jumapili niliamka kichwa kinagonga, uzito umekaa katikati ya macho. Nikiinama kufunga kamba za viatu, maumivu yanashuka hadi mashavuni. Nikasema hii ni sainasi, zile nafasi za hewa kwenye mifupa ya uso, zimevimba, basi. Nikameza vidonge vya mafua, nikapuliza dawa puani, nikarudi kulala.

Kilichonifumbua macho ni daftari. Kwa mwezi mzima niliandika kila nilichokunywa, na saa kichwa kilipoanza kuuma. Jumatatu hadi Ijumaa, kazini, vikombe vinne au vitano vya kahawa. Wikiendi, hata kimoja. Kikombe cha mwisho Ijumaa alasiri, Jumamosi mchana kichwa kinaanza, Jumapili asubuhi siwezi kuvumilia mwanga.

Mwili uliozoea kafeini, kichangamshi kilicho kwenye kahawa, ukiikosa ghafla, mishipa ya damu kichwani hutanuka. Maumivu huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, na yanaweza kudumu zaidi ya wiki. Sainasi zangu nilizisingizia bure. Usiache kahawa kwa mkupuo. Mimi nilipunguza nusu kikombe kila baada ya siku chache, na kichwa hakikuniadhibu.

Wengi husema kahawa hukausha pua. Kwa mnywaji wa kiasi aliyeizoea, haikaushi mwili kama inavyodhaniwa, maana sehemu kubwa ya kikombe ni maji. Shida yangu ilikuwa kwamba ilichukua nafasi ya maji, nikashinda hadi jioni sijagusa glasi. Tena kikombe cha saa kumi jioni kiliniibia usingizi, kwani baada ya muda wa saa tano hivi karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Na kama una kiungulia, kahawa inaweza kukizidisha, asidi ikapanda hadi kooni ukadhani ni makamasi yanayoshuka.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa ile dawa ya kupuliza. Dawa za kuzibua pua zikipita siku tatu hadi tano, utando wa ndani huvimba tena kila nguvu ya dawa inapoisha. Mimi nilifika wiki mbili! Usiku nilipapasa kichupa gizani kwa sababu bila hicho sikupata pumzi. Kuachana nacho kulinichukua siku kadhaa za kupumulia mdomo, huku nikisafisha pua kwa maji ya chumvi.

Maji hayo, tafadhali, yachemshwe kwanza kisha yapoe. Ya bomba moja kwa moja yanaweza kuwa na amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, inayopitia puani hadi kwenye ubongo. Ni nadra, lakini inaua.

Mafua yakipita siku 10 bila nafuu, au ukapata nafuu kisha hali ikageuka, nenda kwa daktari. Jicho likivimba, ukiona viwili-viwili au shingo ikikakamaa, nenda siku hiyohiyo.