Mke wa Nuhu kawasha moto: maswali yenu na majibu

Toleo lililopita tulichapisha hadithi fupi ya mke wa Nuhu. Mwandishi kamwacha mama mwenyewe asimulie gharika, kuanzia mlango unafungwa mpaka ile siku mumewe anakutwa kalewa hemani, na tangu hapo simu ya ofisi haijapumzika, kuna waliofurahi na kuna wanaotaka tuombe radhi. Nimechukua mesej zilizouliza kitu hasa.

*Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa Sande skuli hapa Chang'ombe, Dodoma mjini. Mnawezaje kumzushia mtumishi wa Mungu eti alilewa akalala uchi? Na mmesema walikaa safinani zaidi ya mwaka wakati kila mtoto anajua ni siku 40. Hadithi kama hizi zinapotosha watoto wetu.*

Marahaba mwalimu. Uchungu wako nauelewa maana watoto ndio wanaobaki na picha ya kwanza waliyopewa. Lakini naomba ufungue Mwanzo 9 mstari wa 20 na 21 usome taratibu: Nuhu akaanza kuwa mkulima akapanda mizabibu, akanywa divai, akalewa, akawa uchi ndani ya hema. Hiyo mwandishi hakuizusha, ameikuta. Na sisi watu wa Dodoma tunaolima zabibu toka Mpunguzi mpaka Hombolo tungekuwa wa kwanza kuuona huo mstari, mbona tunaurukaga?

Siku 40 ni za mvua tu. Maji yalitawala nchi siku 150, halafu yakaanza kupungua polepole, na ukihesabu tarehe za Mwanzo 7:11 na 8:14 unakuta waliingia mwezi wa pili tarehe 17 Nuhu akiwa na miaka 600, wakatoka mwezi wa pili tarehe 27 mwaka uliofuata. Mwaka mzima na siku kumi, wanyama wote wale, mlango umefungwa. Ndio maana pale ambapo yule mama anazoa samadi usiku huku ng'ombe wamelala wamembana ukutani, mimi nilisimama kusoma kwanza nikavuta pumzi. Mtu aliyekulia karibu na zizi anajua hiyo kazi, na anajua nani huwa anaachiwa.

Sasa mwalimu, kuna kitu mwandishi kaongeza kweli na wewe hukukilalamikia: majirani wanaomcheka Nuhu akijenga. Mwanzo 6 mpaka 9 haina kicheko popote, tafuta. Tumekisikia kwenye mahubiri na nyimbo mpaka tumeamini kimeandikwa. Kwa hiyo ombi langu ni hili, watoto wakikuletea hadithi kama hii usiwanyang'anye, wape na Biblia pembeni wakague wenyewe kipi kimo kipi hakimo. Watajua Mwanzo kuliko sisi.

*Assalaam alaykum. Naandika toka Kondoa. Kwetu Nuhu ni Mtume, haipendezi kumfanyia maigizo. Halafu mke wake mnamwonyesha yuko safinani, wakati Qur'ani inasema vingine.*

Waalaykum salaam ndugu yangu. Ni kweli, na hauko peke yako, hata ile filamu ya Nuhu ya Marekani ya mwaka 2014 ilizuiwa Qatar, Bahrain na Falme za Kiarabu kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye Surat At-Tahrim aya ya 10 mke wa Nuhu na mke wa Lut wametajwa kama mfano wa waliokufuru, na Surat Hud inaeleza mtoto aliyekataa kupanda akasema atakimbilia mlimani, wimbi likamchukua. Mwandishi wetu kafuata Mwanzo, ambapo mama anaingia na anatoka mzima. Ni masimulizi mawili, na msomaji ana haki ya kujua kashika lipi.

Nikuambie pia kilichonifanya niikubali hadithi: Nuhu mwenyewe hasemi neno mpaka karibu na mwisho. Ndivyo Mwanzo ilivyo, anajenga, anaingia, anatoka, anatoa sadaka, kimya, maneno yake ya kwanza kuandikwa ni ya sura ya 9 mstari wa 25 anapomlaani Kanaani. Mwandishi hakumtungia hotuba. Na hicho kicheko cha majirani nilichomwambia mwalimu hapo juu, kwenye Surat Hud aya ya 38 kipo, wakubwa wa watu wake walikuwa wakipita wanamkejeli.

*Dada mke wa Nuhu anaitwa nani? Tumebishana hapa stendi ya Mpwapwa.*

Mwanzo haimtaji jina. Kitabu cha Yubile, ambacho Waorthodoksi wa Ethiopia wanacho kwenye Biblia yao, kinamwita Emzara.

*Mimi kijana wa Kibaigwa, nataka kuandika Kaini na Habili ila niwalete huku kwetu, Kaini analima mtama Habili anachunga. Itakubalika?*

Andika mdogo wangu, ila ujue unachokigusa. Kaini mkulima, Habili mchungaji, halafu mmoja anauawa shambani, hiyo stori ukiileta kati ya Kongwa na Kiteto ambako wakulima na wafugaji wameshazikana, msomaji hataisoma kama mambo ya zamani. Ukimfanya mkulima awe mbaya toka ukurasa wa kwanza umeharibu, kuna mtu atakuelewa kwamba unasema kabila fulani ndio Kaini. Mwanzo 4 haisemi waziwazi kwa nini sadaka ya Kaini haikukubaliwa, sababu tunazozijua zinatoka Waebrania na waraka wa Yohana huko mbele. Hapo ndipo pa kukaa naye: mtu kalima, mvua ya Dodoma unaijua, kapata kidogo, kapeleka, hakutazamwa. Tuonyeshe uso wake unavyokunjamana kabla hajashika chochote mkononi, maana hata Mungu alisimama akamuuliza kwa nini umekunja uso.

Na ile alama Mungu aliyomwekea Kaini baada ya kuua usiigeuze kuwa laana kama wengi wanavyofanya. Mstari wa 15 unasema aliwekewa ili yeyote atakayemkuta asimuue. Wazee wa ukoo wakikaa kikao cha kisasi kwenye hadithi yako, huo mstari lazima mtu mmoja ausimamie, na wengine wamkatalie kwa sababu za maana. Ukimaliza niletee nisome mimi kwanza.