Marakuja inachanua lakini haizai: "dume" ni uongo

SWALI: Bwana agronomu, nilipanda marakuja ya njano kwenye uzio wa parseli yangu huku Panzi, Bukavu. Miche yote minne nilikata kwenye shina moja la jirani. Inachanua sana, lakini maua yote yanapukutika. Muuzaji mmoja wa dawa anasema ni dume, anataka kuniuzia chupa ya kupuliza. Nikate au ninunue?

JIBU: Usikate, mama, na pesa yako usiitoe. Marakuja dume haipo. Kila msimu nasikia habari hiyo, na kila msimu watu wanang'oa mimea mizima kwa sababu yake. Angalia ua moja kwa karibu: vile vifuko vitano vya unga wa njano ni upande wa kiume, na vile vijiti vitatu vyenye vichwa vya duara ni upande wa kike. Kila ua lina vyote.

Shida yako umeitaja mwenyewe: shina moja. Marakuja ya njano haishiki mimba kwa unga wake yenyewe, na miche minne ya shina moja ni mmea uleule. Ile ya zambarau hujizalisha, tena ndiyo inayopenda ubaridi wa milima yetu.

Tafuta mche wa njano uliotoka kwenye mbegu, uupande karibu. Ukisubiri ukue, omba maua kwa mtu mwenye shina lingine. Ya njano hufunguka mchana, kama saa sita, na kufunga jioni. Pakaza unga wa maua hayo uliyoomba kwenye vichwa vitatu vya ua lako, siku isiyo na mvua, maana unga ukilowa hupasuka. Tunda likishika, litaiva baada ya miezi miwili na zaidi.

Sasa hiyo chupa. Ikiwa ni urea, utapata majani. Ikiwa ni sumu ya wadudu, ndiyo mbaya zaidi: inaua nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, na hao ndio wenye mgongo wa kutosha kubeba unga hadi kwenye vile vichwa. Jirani anayepuliza saa saba mchana anawanyima matunda wote wa avenyu, na maboga yao pia. Nimechoka kuona watu wakinunua ukame wa shamba lao wenyewe.

Kama wadudu wamekuzidi kweli, puliza jioni maua yakishafunga. Dawa iwe na jina, kipimo, na siku za kungoja kabla ya kula. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha hayo matatu kwenye chupa, mpite.